Mtoki Kinenani, Kidonda Mguuni

SWALI: Mwanangu wa miaka 9 alikanyaga kombe la chaza ufukweni akachanika karibu na kidole gumba, na kidonda kikatunga usaha. Baada ya siku chache alianza kuchechemea, nami nilipompapasa nikakuta mtoki kinenani, mgumu na wenye kuuma. Bibi yake anataka kuukanda ushuke. Mganga wa zahanati ametukataza, akisema kwamba hapo ndipo askari wa mwili wanapofundishwa. Kwa nini wafundishwe kinenani ilhali adui yuko mguuni?
Mama wa mtoto, Dunda, Bagamoyo

JIBU: Mama, mganga wako amesema kweli, ila mfano wa askari, ambao sisi waandishi wa mambo ya afya tunaupenda kupita kiasi, unaficha jambo lenye uzito: mwili hauna kikosi kimoja kinachomjua kila adui. Seli T, ambazo ni aina ya chembe nyeupe za damu, huanzia katika uboho wa mifupa na kukomaa katika thaimasi, tezi iliyo nyuma ya mfupa wa kidari, na kila moja hutoka humo ikiwa na kipokezi chake kinachoweza kutambua vipande vichache tu vya protini. Ukichukua kipande kimoja cha kijidudu kimoja, seli T changa inayoweza kukitambua huenda ikawa moja katika kila laki moja, na pengine moja katika milioni. Seli adimu kiasi hicho ingeachwa izurure katika ngozi na nyama za mwili mzima ikitafuta kidonda, ingechelewa mno. Kwa hiyo seli hizo hazitafuti kidonda, bali habari za kidonda huletwa mahali zinapopita.

Anayezileta ni seli dendriti, seli yenye matawi ambayo Ralph Steinman na Zanvil Cohn wa New York waliieleza mwaka 1973 baada ya kuiona katika bandama la panya. (Steinman alitangazwa mshindi wa Tuzo ya Nobeli mwaka 2011, siku tatu baada ya kufariki dunia, watoaji wa tuzo wakiwa hawajapata habari za msiba.) Seli za jamii hiyo zimetanda katika ngozi ya mguu wa mwanao. Zilipokutana na bakteria walioingia na lile kombe, ziliwameza, zikawakatakata, kisha zikaondoka na vipande hivyo kupitia mishipa ya limfu, yaani majimaji yanayochujika kutoka katika nyama za mwili, hadi kwenye tezi zinazopokea limfu ya mguu, ambazo nyingi ziko kinenani. Safari hiyo huchukua kama siku moja. Wakati huohuo seli T changa huingia katika tezi kutoka kwenye damu, zikagusa dendriti moja baada ya nyingine kwa muda wa saa kadhaa, na zisipoona cha kwao hutoka kwenda kujaribu tezi nyingine.

Seli T ikikipata kipande chake, bado haijaruhusiwa kufanya kazi. Inahitaji ishara ya pili, nayo hutolewa na molekuli ambazo dendriti huziotesha kwa wingi pale tu inapokuwa imegundua hatari, kama vile bakteria au tishu zilizojeruhiwa. Dendriti huonyesha pia vipande vya mwili wetu wenyewe, na seli T inayotambua kipande bila kupata ishara ya pili kwa kawaida hunyamazishwa, la sivyo tungejishambulia. Watu wa Bagamoyo na Korogwe wana sababu ya kulifahamu jambo hili, kwa kuwa maeneo yao yalikuwa miongoni mwa vituo 11 katika nchi 7 za Afrika vilivyofanya jaribio kubwa la chanjo ya malaria ya RTS,S. Chanjo hiyo haina kijidudu kizima bali protini yake, na protini tupu haiishtui dendriti vya kutosha, ndiyo maana huchanganywa na kichochezi ambacho sehemu yake hutoka katika magome ya mti wa Chile uitwao Quillaja.

Seli T iliyopata ishara zote mbili huzuiwa kutoka katika tezi kwa siku chache, na humo hugawanyika mara kadhaa kwa siku hadi kuzaa maelfu ya seli zinazofanana nayo. Ongeza damu inayomiminika kwa wingi kwenye tezi, na ganda la tezi linalovutwa na uvimbe, na hapo umepata mtoki pamoja na maumivu yake. Baadaye nyingi huondoka na damu kuelekea kidondani, na nyingine hubaki kuzisaidia seli B, ndugu zao katika damu, kutengeneza kingamwili, yaani protini zinazonasa vijidudu. Usidhani kwamba mguu ulikuwa umeachwa peke yake siku zote hizo: usaha wenyewe ni mabaki ya chembe nyeupe za aina nyingine, zisizohitaji kusubiri.

Basi mwambie bibi kwamba kukanda hakuharakishi lolote, na kunaweza kumwumiza mtoto. Kinachotibiwa ni kidonda. Kioshwe, mganga aamue kuhusu dawa, na muulize kama chanjo ya pepopunda ya mtoto imekamilika. Mrudishe upesi akipata homa kali, mtoki ukiwa mwekundu au ukilainika, au mstari mwekundu ukipanda mguuni. Mtoki uliokaa zaidi ya wiki 4 uchunguzwe, kwani kifua kikuu nacho hukaa katika tezi.

SWALI: Niliondolewa bandama baada ya ajali ya pikipiki. Je, sina kinga tena?
Msomaji, Ngamiani, Tanga

JIBU: Unayo. Tezi zako zinaendelea kupokea habari kutoka kwenye ngozi, mapafu na utumbo. Ulichopoteza ni kiungo kinachochuja damu, ambamo seli T na dendriti hukutana kwa ajili ya vijidudu vilivyokwisha kuingia kwenye damu yenyewe. Pengo hilo ni la hatari hasa kwa bakteria wenye ganda, kama pneumokokasi na meningokokasi, na kwa malaria. Uliza hospitali kuhusu chanjo za bakteria hao, usilale bila chandarua, na ukipata homa nenda siku hiyohiyo, ukamwambie daktari kabla hajauliza kwamba huna bandama.