Ngano Inapoota Ikiwa Bado Katika Suke

SWALI: Mimi ni mkulima wa ngano Uasin Gishu. Msimu uliopita mvua ilinyesha siku kadhaa mfululizo ngano ikiwa imekwisha kukauka, nasi tukingoja zamu ya kombaini. Punje zangu, ambazo ni nyeupe, ziliota zikiwa bado kwenye masuke, na kinu kikaukataa mzigo wote. Ngano nyekundu ya jirani yangu, ng'ambo tu ya ua, haikuota. Je, ni rangi? Na je, nikiyafanya mbegu yale masuke machache yasiyoota, nitapata ngano inayostahimili mvua?

JIBU: Pole sana kwa hasara hiyo. Rangi ina sehemu yake, lakini si yote.

Punje iliyokomaa hulala kwa muda hata ikilowa. Usingizi huo hulindwa na homoni iitwayo asidi ya absisiki, ilhali nyingine, jiberelini, huuvunja. Ukivunjika, kimeng'enya cha alfa-amilasi huanza kuugeuza wanga kuwa sukari ya kulisha chipukizi, hata kabla mzizi haujatokeza nje. Ili kupima uharibifu huo, kinuni ngano husagwa, unga wake hukorogwa na maji katika mrija uliotumbukizwa kwenye maji yanayochemka, kisha huhesabiwa sekunde ambazo fimbo huchukua kuzama katika uji wake. Ngano isiyoota kwa kawaida huvuka sekunde 300. Iliyoota, ambayo uji wake ni mwepesi kwa kuwa wanga umevunjwa, huweza kushuka chini ya 200, na mkate wake huwa na ndani inayonata kwenye kisu.

Ngano ya mkate ina jozi 21 za kromosomu, yaani nyuzi zinazobeba jeni, zilizotokana na mababu watatu, hivyo jeni nyingi zina nakala tatu. Jeni ya wekundu, Tamyb10, imo katika kromosomu 3A, 3B na 3D. Nakala moja iliyo hai yatosha kuifanya punje iwe nyekundu, na punje huwa nyeupe pale tu zote tatu zinapokuwa zimezimika. Jeni hiyohiyo huuongeza usingizi wa punje, kwa hiyo jirani yako alianza akiwa mbele yako.

Hata hivyo ziko ngano nyekundu zinazoota upesi, na nyeupe zinazostahimili. Rio Blanco ya Marekani ni nyeupe, na mwaka 2013 watafiti waliitambua jeni inayoilinda, katika mkono mfupi wa kromosomu 3A. Ni MFT, ambayo watafiti wa Japani walikuwa wameieleza mwaka 2011 kwa kuichunguza Zenkoujikomugi, ngano yao ya kale inayosifika kwa usingizi mzito. Jeni hii hufanya kazi kwa nguvu zaidi punje zinapokomaa katika baridi, na jambo hilo linakuhusu: aina iliyolala fofofo mwaka wa baridi yaweza kuota mwaka wa joto. Jeni nyingine ya usingizi, MKK3, imo katika kromosomu 4A. Mwaka 2016 ilionyeshwa kwamba herufi moja tu ya DNA ndiyo inayotenganisha umbo lake linalolala na lile linaloamka mapema.

Kuhusu masuke yako, nasikitika kwamba jibu ni la. Ngano hujichavusha yenyewe, na mimea ya aina moja iliyo safi hufanana kinasaba karibu kama mapacha. Suke lililonusurika pengine lilichelewa kukomaa, au lilisimama wima likakauka upesi huku mengine yakiwa yameinamia matope. Tofauti ya namna hiyo hairithiwi.

Tafuta tofauti baina ya aina na aina. Siku ngano inapokomaa, chukua masuke ya kila aina unayoweza kuipata kwa majirani, yapure kwa mkono usije ukazijeruhi punje, laza punje 50 za kila aina juu ya kitambaa kibichi kivulini, kisha uhesabu zilizoota kila siku kwa wiki nzima. Usingoje, kwa sababu usingizi huisha ghalani, na baada ya miezi kadhaa punje zote zitaota sawa. Mahali ambapo upanzi hufuata mavuno papo hapo, kuisha huko huweza kuchelewa, na mbegu ikagoma kuota shambani. Kwenu, mnaovuna Oktoba na Novemba na kupanda katikati ya mwaka unaofuata, aina yenye usingizi mzito haitawaletea taabu hiyo.