Viambatisho vya wateja: nifungue au nisifungue?

SWALI: Nafanya kazi katika ofisi ya wakala wa forodha hapa Malaba. Kila siku tunaletewa ankara na nyaraka za mizigo kwa barua pepe, nyingi kutoka kwa watu tusiowajua. Juzi mwenzangu alifungua kiambatisho, kompyuta ikaanza kusuasua, na sasa wateja wanapokea barua ambazo hatukuziandika. Antivirusi tunayo. Tufanyeje?

JIBU: Pole sana, dada. Kompyuta hiyo itoe kwenye intaneti sasa hivi. Kisha badilisheni nywila ya barua pepe kwa kutumia simu au kompyuta nyingine iliyo salama. Mkiibadilishia kwenye hiyo hiyo, mwizi ataipata na mpya. Washeni uthibitisho wa hatua mbili, yaani nywila pamoja na uthibitisho wa pili kama msimbo wa kwenye simu, na mwangalie kwenye mipangilio kama barua zenu zinaelekezwa kwa anwani ngeni. Wateja wapigieni simu leo leo, hasa wasije wakalipa kwenye akaunti mpya ya benki watakayotajiwa na barua hizo za uongo.

Wengi watakuambia usifungue barua ya usiyemjua. Kwa kazi yenu hilo haliwezekani, na hata lingewezekana lisingetosha. Mei 2000 kirusi cha ILOVEYOU kilienea duniani kwa sababu kilitoka kwa watu wanaofahamiana: kilijituma kwa kila anwani iliyokuwamo kwenye Outlook, programu ya barua pepe, ya aliyekifungua. Faili lenyewe liliitwa LOVE-LETTER-FOR-YOU.TXT.vbs, lakini Windows huficha herufi za mwisho za jina la faili, zile zinazoonyesha ni faili la aina gani, kwa hiyo watu waliona TXT wakadhani ni maandishi tu.

Mpaka leo Windows inazificha. Kwenye Windows 11 fungua folda yoyote, bonyeza View, halafu Show, uweke tiki kwenye File name extensions. Fanyeni hivyo kwenye kila kompyuta ya ofisi. Ankara inayoishia na exe, js, vbs, lnk au iso si ankara, futa. Ninayoihofia zaidi ni zipu (faili moja lililobeba mafaili mengine ndani) iliyofungwa kwa nywila, na nywila yenyewe imeandikwa kwenye barua hiyo hiyo. Hufanywa hivyo ili antivirusi isione kilichomo ndani. Mpigie aliyeituma, kwa namba mliyokuwa nayo zamani, si ile iliyo kwenye barua.

Faili za Word na Excel zina hatari ya makro, yaani amri zinazojiendesha zilizofichwa ndani ya faili. Tangu 2022 Microsoft huzuia makro za faili zilizotoka kwenye intaneti, kwa hiyo barua ikikuelekeza namna ya kuondoa kizuizi hicho, ishia hapo. Mkitumia Gmail, zitazameni nyaraka humo humo bila kuzipakua.

Antivirusi inayokuja na Windows inafaa, mradi isasishwe. Najua bando ni ghali na wengi huzima masasisho, tafadhali msizime. Ile kompyuta iliyoambukizwa mpeni fundi aifute kabisa na kuweka Windows upya, kisha mrudishe nyaraka tu, bila programu yoyote ya zamani.