Nyanya za ndani kwa maji: anza na ndoo mbili

Ndugu yangu, umeuliza kama uache bustani ya nje, iliyomalizwa na kantangaze (nondo anayeshambulia nyanya) na mnyauko, uhamishie nyanya ndani, kwenye maji bila udongo. Inawezekana, nami nilihama hivyo hivyo, lakini anza na ndoo mbili tu za lita 20.

Kwa Dar adui mkubwa ni joto. Maji ya virutubisho yakipita nyuzi 25 hushika oksijeni kidogo, na mizizi huwa rahisi kuoza. Paka ndoo rangi nyeupe, ziweke sakafuni, na pampu ya hewa isizimwe hata usiku. Umeme ukikatika je? Acha nafasi ya vidole vinne kati ya maji na kikapu kinachoshika mche, mizizi ya juu ipumue. Nusu ya miche yangu ya kwanza ilikufa kwa sababu nilijaza ndoo hadi juu, na bado inaniuma.

Visima vingi huku vina chumvi, kwa hiyo kinga maji ya mvua. Pima pH, yaani kiwango cha uchachu wa maji, ibaki kati ya 5.5 na 6.5. Mbolea za kalsiamu naitreti na magnesiamu salfeti usizichanganye zikiwa nzito, hugandana. Yeyusha kila moja peke yake kwanza.

Dirisha halitoshi, weka taa saa 14 hadi 16 kwa siku. Ndani hakuna upepo, basi tikisa mashina asubuhi ili maua yachavuke.

Na tafadhali, usihamishe miche kutoka bustanini. Mayai ya kantangaze utayabeba mwenyewe. Otesha mbegu upya.