Kihispania cha kaunta, kwa mnaoanza

Siku yangu ya kwanza nyuma ya kaunta ya baa moja Madrid nilikuwa na daftari mfukoni. Agua, maji. Leche, maziwa. Cerveza, bia. Yote nimekariri. Mteja wa kwanza, mzee wa watu, akaniambia "ponme una caña". Kamusi ikasema caña ni muwa. Nikabaki namkodolea macho, maana miwa hatukuwa nayo.

Caña ni bia ya bombani, glasi ndogo ya kama mililita 200. Ya chupa huitwa tercio, yaani theluthi ya lita, au quinto, sehemu ya tano. Ukienda Barcelona tercio hiyohiyo inaitwa mediana. Neno cerveza watu wanalijua, ila wanaoagiza kwa kulitaja ni wachache.

Kwa hiyo ndugu yangu, daftari la maneno mojamoja liweke kando, uanze na kitenzi. Vitabu vitakufundisha beber, kunywa. Sawa, lakini mhudumu atakuuliza "¿qué vas a tomar?" Tomar ni kuchukua, na hapo wengi huchanganyikiwa. Wewe wa Bongo usichanganyikiwe: ni "utatumia nini?" ya mhudumu wa kwetu. Hata dawa na supu ni tomar, kama sisi tunavyokunywa dawa na supu. Na kama vile kwetu "mimi situmii" inavyoeleweka kuwa ni pombe, ndivyo Amerika ya Kusini mtu akikuuliza "¿tú tomas?" hana habari na juisi.

Pili, acha "quiero". Ni "nataka", na unajua mwenyewe muuza duka anavyomtazama anayeingia na "nataka". Madrid sema "¿me pones un café?", yaani niwekee. Wakolombia wamezidi: "¿me regala un tinto?", nizawadie, na bado unalipa. Ni "naomba" yetu kabisa. Huyo tinto naye aliniponza. Mkolombia tuliyefanya naye kazi aliniomba tinto saa moja asubuhi, nikammiminia mvinyo mwekundu, maana Hispania tinto ndiyo hiyo. Kwao ni kahawa ya rangi.

Maneno mengine tayari unayo nusu. Azúcar na sukari, café na kahawa, yote yametoka kwa Waarabu. Jarabe ni ndugu wa sharubati, ila ukiagiza jarabe baa watakuelekeza duka la dawa. Siku hizi ni ya kikohozi zaidi. Juisi ni zumo Hispania, jugo ng'ambo ya bahari. Kopo letu lilitoka kwa Wareno, na copa ya Kihispania ni jamaa yake, lakini ni glasi yenye mguu, ya mvinyo. Ya maji ni vaso, na utamke "baso". Chupa sasa, hapo cheka tu: chupar ni kufyonza, na nchi nyingi za Amerika ni kupiga mtungi.

Maji yana mtego wa sarufi: unasema el agua, kwa el ya kiume, halafu agua fría ya kike, si frío. Del tiempo ni yasiyo ya baridi. Del grifo ni ya bomba, na tangu sheria ya 2022 migahawa inatakiwa ikupe bure ukiomba.

Kwa asiyetumia kilevi, sikiliza vizuri. Bia "sin", yaani "bila", inaruhusiwa kuwa na kilevi chini ya asilimia 1. Kama hutaki hata tone, sema "cero cero", sifuri sifuri, au agiza mosto, juisi ya zabibu isiyochachuka. Na carajillo si kahawa ya kawaida, ina brandi au ramu ndani. Niliona Mwislamu mwenzetu akiinyanyua, nikaruka kaunta.

Kosa langu la gharama kubwa lilikuwa kitenzi kimoja. Baada ya mshahara wa kwanza niliwaambia wenzangu sita "os invito a unas cañas". Nia yangu ilikuwa twendeni tukapate moja moja. Bili ilipokuja wakavaa makoti, wakasema gracias, wakatoka. Invitar ni kulipa. Ukitaka kila mtu ajitegemee, sema "¿tomamos algo?" Na mtu akilipa ronda, yaani raundi ya wote, ujue zamu yako inakuja, usijifanye unakwenda chooni.

Asubuhi yake ndiyo resaca, mning'inio. Mexico ni cruda, Kolombia guayabo, Venezuela ratón, yaani panya, Ekuado chuchaqui. Nilidhani nimeyamaliza, mpaka Mchile mmoja alipoingia zamu ya Jumatatu ameshika kichwa, analalamika ana caña. Nikamwambia aifiche haraka, meneja yuko jikoni.