Vitabu vya Desemba

Mwanangu,

Sisi hapa Newala hatujambo, mguu wa baba yako unaendelea vizuri. Uliniuliza kwenye simu ununue vitabu gani vya msimu vya kuwasomea wajukuu zangu likizo hii ya Desemba. Majina ya vitabu sina. Nitakwambia namna ya kukikagua kitabu kabla hujatoa hela.

Kitabu cha msimu, mtoto akimaliza kusomewa atoke nje akakione kile alichosikia. Nalisema hili tangu mko wadogo, na sijaliacha. Desemba yetu ni mvua za kwanza, majembe shambani, embe zinaoza chini ya miti, korosho za mwisho zinaokotwa. Baridi yetu ni Juni na Julai, ukungu ukipanda kutoka bonde la Ruvuma. Hadithi ya baridi iweke hadi hapo. Cha Ramadhani kifuate mwezi wenyewe, maana kila mwaka unarudi nyuma siku 10 au 11.

Halafu tazama picha. Korosho huning'inia nje, chini ya bibo. Ukikuta mchoraji kaitia ndani kama kokwa ya embe, rudisha kitabu. Huyo hajawahi kusimama chini ya mkorosho.

Wewe hukukosea hapo. Si unalikumbuka lile daftari? Mwalimu aliwasomea kitabu cha msaada, theluji mwanzo mwisho, akawaambia mchore Desemba. Ukamchora bibi yako anafagia chini ya mkorosho, korosho ziko mahali pake, na wingu la mvua kubwa kuliko nyumba. Akakutia kosa kwa wino mwekundu! Nilikwenda na bibo mkononi, nikamwekea mezani. Akasema niliondoe, litatia doa madaftari. Baba yako anacheka mpaka leo. Mimi sicheki. Haya, tuseme maskini hakuwa na kitabu kingine, darasa zima lilitegemea hicho kimoja. Lakini kalamu nyekundu alikuwa nayo.

Tena nisijitie ukali, maana kitabu hicho hicho ulikipenda. Ulinisumbua wiki nzima: huko kwenye theluji nguo wanaanika wapi? Sikuwa na jibu, na swali lilinifurahisha. Basi mtoto naye ana haki ya kujua kwamba Desemba wenzake wa Ulaya wanatetemeka wakati yeye anatoka jasho. Ila aanze na ya kwao. Ya kwao kwanza.

Yule wa miaka 4 mtafutie chenye maneno machache na kiitikio, apokee. Mkubwa mwache akusomee wewe, hata akikwama.

Na kile cha theluji ulichonitumia picha yake, chenye jalada gumu na bei ile, hukuniuliza, kwa hiyo nanyamaza. Picha zake nzuri. Hela ni zako. Sijasema usinunue.

Mama yako