Kadi zinanata ukiziburuta? Seva haina kosa, acha kupima ovyo

Hiyo hela ya seva irudishe mfukoni, mkuu. Kwenye ukurasa wako wa wavuti, kadi 400 za oda za dagaa zinanata ukiziburuta, na mtu kakushauri uongeze RAM ya seva. RAM ya seva! Kidole kiko sokoni Mwaloni Kirumba, Mwanza, kwenye simu ya laki na nusu. Wakati kinaburuta kadi, seva haina habari nacho. Ushauri huohuo niliulipia, nikaongeza na video ya jamaa mmoja wa "rahisi tu, dakika kumi". Alikuwa na kadi tano. Hata mtumbwi uliotoboka hauvuji ukiwa nchi kavu.

Kosa ni kile kitanzi (loop) ulichobandika ndani ya pointermove, tukio linaloita kodi yako kila kidole kikisogea. Unasoma getBoundingClientRect ya kadi (mahali ilipo na ukubwa wake), unabadili top ya jirani yake (umbali wake kutoka juu), unasoma ya kadi inayofuata, unabadili tena. Kila ukigusa top, vipimo ambavyo brauza ilikuwa navyo vinabatilika. Ukiiuliza kipimo papo hapo, inalazimika kupanga ukurasa upya ndipo ikujibu. Kadi 400, unaweza kuipangisha mara 400 kwa kusogeza kidole mara moja! Skrini ya fremu 60 kwa sekunde inaipa milisekunde 16 na ushee kwa kazi yote.

PIMA MARA MOJA, kwenye pointerdown, kidole kinapogusa. Vipimo vya kadi zote viweke kwenye orodha. Kidole kikitembea, pointermove ihifadhi x na y tu. Kuchora kufanyike ndani ya requestAnimationFrame, inayoita kodi yako kabla brauza haijachora, mara moja kwa fremu, kwa transform ya translate, maana hiyo haiipangishi ukurasa upya. Orodha ikijiviringisha katikati ya safari, usipime upya: soma scrollTop (orodha imeviringishwa kiasi gani) mwanzoni mwa fremu, kabla hujaandika chochote, ujumlishe tofauti.

Kwenye CSS, weka touch-action: none kwenye kishikio cha kadi, la sivyo brauza itadhani unaviringisha ukurasa na kukutupia pointercancel, yaani ikukatishe kuburuta. Na will-change, inayoiambia brauza ijiandae kwa mabadiliko, ni ya kadi inayoburutwa peke yake. Ukizipa zote 400, simu inaweza kukosa kumbukumbu.

Uliuliza pia kuhusu hifadhidata, sijui na rangi. Mpangilio utume kwenye hifadhidata kidole kinapoachia. Rangi paka utakazo.

Usijaribie kwenye laptop yako bila kuibana. Kichupo cha Performance cha Chrome, punguza kasi ya CPU mara 6, rekodi ukiburuta kadi moja. Zambarau, rangi ya kupanga ukurasa, ikijaa, rudi kwenye pointermove: kuna kipimo umekisahau humo.