Maswali na majibu: Nyumba ya tofali za kuchoma, paa la rangi gani?

Swali: Habari za kazi, msanifu. Tunajenga Njombe, nyumba ya vyumba vitatu vya kulala, kwa tofali za kuchoma. Kwa nje hatutapiga lipu, tutapiga pointi tu, yaani kujaza saruji kwenye mistari kati ya tofali, ili tofali zionekane. Ukuta umeshapita linta na fundi anatuhimiza tuagize bati. Mume wangu anataka paa jekundu, anasema tofali nyekundu zinaendana na paa jekundu. Mimi nimependa kijivu cha mkaa nilichokiona kwenye nyumba mpya za Dodoma. Fundi yeye anasema tuchukue kijani kwa sababu ndiyo iliyopo dukani. Tumetenga fedha ya vigae vya bati vyenye chembe za mawe, vile bapa, lakini kama bati la kawaida la rangi linatosha tungependa kujua. Halafu, bati la rangi nzito haliongezi joto ndani? — Msomaji, Njombe

Jibu: Dada yangu, nianze na la fundi ili tuliweke pembeni. Kilichopo dukani ni shida ya mwenye duka, si yenu. Paa mtakaa nalo miaka 20 na zaidi, na mzigo mpya hauchukui hata mwezi kufika. Funikeni vichwa vya kuta kwa nailoni msubiri.

Hoja ya shemeji si ya kubezwa, ina asili yake. Zamani nyumba za misheni zilijengwa kwa tofali za kuchoma na kuezekwa kwa vigae vya udongo. Tofali na kigae vilitoka kwenye udongo wa aina moja, vikapita kwenye moto, kisha vikazeeka pamoja kwa jua lilelile na ukungu uleule. Hakuna aliyechagua rangi pale. Ninyi hamnunui udongo uliochomwa, mnanunua chuma kilichopakwa rangi kiwandani. Wekundu wa bati ni mmoja, sawasawa kutoka mwanzo wa paa hadi mwisho, ilhali wekundu wa tofali una sura kumi. Ukiviweka karibu, jicho halioni kufanana, linaona kukosana kidogo: ni kama doti ya kanga ambayo kipande kimoja kimefuliwa mwaka mzima na kingine kimefunguliwa leo. Na anayeumia ni tofali. Chini ya bati jekundu linalong'aa, ukuta uliougharamia unaonekana umepauka na una vumbi.

Mwambie shemeji kwamba paa jekundu linapendeza mno likiwa juu ya ukuta mweupe. Akienda Dar es Salaam asimame mbele ya Kanisa la Azania Front, pale karibu na bandari, aone vigae vyekundu na kuta nyeupe vinavyobebana. Siku mkiamua kupiga lipu na kupaka krimu, nitakuwa upande wake. Kwa tofali tupu, hapana.

Sasa tuache bati kwanza, twende ukutani. Tofali zenu zimechomwa kwenye tanuri la kuni, sina shaka, na tanuri la namna hiyo halitoi tofali za rangi moja. Udongo una chuma ndani yake. Moto ukipata hewa ya kutosha chuma hicho ndicho kinacholeta wekundu. Zilizokuwa jirani na midomo ya moto huiva sana, zikawa za zambarau au kahawia nzito, nyingine zina uso mweusi wenye ubuluu kwa sababu zilipata moto mwingi na hewa kidogo. Zilizokuwa nje na juu hutoka za rangi ya chungwa, na zile ambazo hazikuiva vizuri ni za njano-njano. (Hizo za mwisho natumaini fundi hakuziweka ukuta wa nje, maana mvua za Njombe zitazila.) Kwa hiyo ukuta wenu una rangi nne au tano, na ushauri wangu kwa nyumba ya tofali siku zote ni huu: rangi ya paa itoke kwenye tofali lililokolea kuliko yote, usiitafute kwenye zile zilizo nyingi. Ukifanya hivyo, paa linakuwa zito kuliko ukuta, linasimama peke yake, lakini bado ni ndugu na kitu ambacho tayari kiko ukutani.

Nenda saiti asubuhi, chukua tofali chache zilizobaki, uchague iliyoiva sana na ya kawaida. Zimwagie maji. Tofali ikilowa inaonyesha rangi yake ya kweli, na ndivyo ukuta utakavyoonekana miezi yote ya mvua. Kama mna mpango wa kupaka vanishi, ujue kwamba vanishi inalifanya tofali libaki na sura hiyo ya kulowa mwaka mzima, basi chagueni bati kwa kuangalia tofali lililolowa. Mimi vanishi ya kung'aa siipendi kwenye tofali. Inafungia unyevu ndani, baada ya misimu michache inabanduka kama ngozi. Kuna dawa za kuzuia maji ambazo hazing'ai na zinaliacha tofali lipumue. Tafuteni hizo.

Ukishalilowesha, jiulize wekundu wake unaelekea wapi. Kama unavuta kwenye chungwa, rangi yenu ni kahawia iliyokolea, ile ya chokoleti. Kama unavuta kwenye zambarau, na zile nyuso nyeusi zipo nyingi, kijivu cha mkaa kitakaa vizuri. Kijivu cha mkaa cha kawaida kina ubuluu ndani yake ambao hauonekani kwenye kipande kidogo dukani. Kiweke juu ya tofali ya chungwa, ubuluu wote unajitokeza na nyumba inakuwa ya baridi juu, ya moto chini. Kumbuka pia zile nyumba za Dodoma ulizozipenda: nyingi za namna hiyo zimepigwa lipu na kupakwa nyeupe au krimu. Ulichokipenda huenda ni ule mweupe na mweusi, si kijivu chenyewe.

Kuna jambo watu hulisahau: saruji kati ya tofali. Tofali za kufyatua kwa mkono hazilingani, kwa hiyo fundi anajaza saruji nene, mahali pengine sentimita 2. Ukijumlisha mistari yote, sehemu isiyo ndogo ya ukuta si tofali, ni saruji. Mkipiga pointi kwa mchanga wa mtoni na saruji ya kawaida, ukuta utakuwa na kijivu kingi, na hapo kijivu cha mkaa kinapata pa kushikia hata kama tofali ni za chungwa kidogo. Mchanga mwekundu ukiingia kwenye pointi, ukuta mzima unapata joto na kahawia inashinda. Pigeni pointi kipande cha mita moja ya mraba sasa hivi, upande wowote, kikauke kabisa. Saruji mbichi ni nyeusi kuliko itakavyokuwa.

Nikilazimishwa kujibu bila kuuona ukuta wenu, nasema kahawia ya chokoleti, isiyong'aa. Inavumilia makosa kuliko kijivu. Kijani iliyokolea si mbaya, nyumba ikiwa katikati ya miti ya misonobari inatulia, lakini kijani inaufanya wekundu wa tofali upige kelele zaidi, na si kila mtu atapenda kuishi na kelele hiyo. Ile damu ya mzee ambayo huenda shemeji ataipendekeza kama suluhu, ikubalini tu kama imekolea karibu na kahawia. Buluu sitaijadili.

Dukani msitaje majina, tajeni namba. "Maruni" ya duka hili si maruni ya duka lile, na "chokoleti" hali kadhalika. Bati za rangi kwa kawaida hufuata namba za RAL, yaani orodha ya rangi ambayo kila rangi ina namba yake: chokoleti ni 8017, kijivu cha mkaa 7016, nyekundu ya tofali ambayo wengi huuziwa ni 3009, kijani nzito 6005. Vigae vyenye chembe za mawe mara nyingi havifuati namba hizo, kwa hiyo hivyo sharti mkavione kwa macho.

Nikija kwenye vigae vya mawe dhidi ya bati tupu: kwa rangi peke yake, vigae vya mawe vinasaidia sana nyumba ya tofali. Chembe zile hazing'ai, zina vivuli vidogo vidogo, na uso wake ni mkavu kama wa tofali. Bati laini linarudisha mbingu. Ukilitazama kutoka getini saa saba mchana, ile chokoleti yako inaonekana nusu nyeupe. Pia vigae hivyo hupunguza makelele ya mvua, jambo ambalo watu wa Njombe hamhitaji kuelezwa. Uzito wake, karibu kilo 7 kwa mita ya mraba, si tatizo kwa kenchi (mbao zinazobeba paa) iliyopigwa vizuri. Ila zingatieni mawili. Muulizeni muuzaji mteremko wa chini unaokubalika kwa kigae hicho, muulinganishe na ramani yenu kabla ya kenchi kupigwa. La pili, epukeni vile vyenye mchanganyiko mkali wa rangi, mathalani nyekundu na nyeusi zilizotapakaa. Ukuta wenu tayari una madoadoa yake. Ukiweka na paa la madoadoa, hakuna mahali jicho linapumzika. Mchanganyiko kama huo ungefaa ukuta wa tofali za kiwandani zilizofanana zote. Ninyi chukueni rangi moja, au mchanganyiko uliofifia sana.

Kama fedha inabana, bati la kawaida la rangi linatosha kabisa. Chukueni lisilong'aa, na msishuke kwenye unene. Kumbukeni geji inavyokwenda: namba ikipanda, bati linazidi kuwa jembamba. Geji 28 ni nene kuliko geji 30. Bora geji 28 tupu kuliko kigae cha mawe cha bei ya kutupa ambacho chembe zake zinajaa kwenye gata kila mvua. Chembe kidogo kutoka mwanzoni ni kawaida, zikiendelea msimu wa pili si kawaida tena.

Kuhusu joto, ni kweli rangi nzito inanyonya. Kijivu cha mkaa cha kawaida hunyonya takriban asilimia 80 ya nguvu ya jua, na bati jeupe jipya hurudisha zaidi ya nusu. Ungekuwa Kyela au Ifakara ningekujibu mengine kabisa, ningekutafutia rangi nyepesi ya udongo. Lakini Njombe iko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na mwezi wa sita na wa saba mnakota moto. Huko rangi nzito si adhabu. Shida yenu kubwa zaidi ni baridi ya usiku: bati linapoa kupita kiasi, unyevu wa ndani unageuka maji chini yake, alfajiri matone yanadondoka kwenye dari na watu wanamwita fundi wakidhani paa linavuja. Rangi haitibu hilo. Wekeni matundu ya hewa kwenye pembe za paa na chini ya fisha bodi (ubao wa ukingoni mwa paa), na ikiwezekana karatasi ya kuzuia unyevu chini ya bati.

Kupauka nako kupo. Nyekundu kali na buluu huchoka mapema; kahawia kwa kawaida hudumu. Kwenu, kuanzia mwisho wa Februari hadi katikati ya Oktoba jua la mchana liko upande wa kaskazini, kwa hiyo mteremko wa kaskazini utapauka kwanza. Kama mbele ya nyumba inatazama huko, hiyo ni sababu nyingine ya kukimbia nyekundu. Vumbi la kiangazi nalo ni jekundu. Juu ya kahawia halionekani, juu ya kijivu cha mkaa utaliona kila wiki mpaka mvua ije.

Kabla ya kulipa, ombeni kipande cha kutosha, bati la mita moja au kigae kizima. Kikaratasi cha rangi kinachotosha kiganjani hakisemi kitu. Mpandisheni fundi akiweke juu ya ukuta, akilaze kwa mteremko uleule wa kenchi, ninyi wawili msimame getini. Tazameni asubuhi, mchana na jioni. Wekeni na cha shemeji na chako kwa pamoja. Nimeona ubishi mwingi wa nyumbani ukiishia hapo getini bila mtu kusema neno.

Mkishachagua, fisha bodi na gata zifuate rangi ya paa, na fremu za aluminiamu za madirisha ziwe za kahawia au nyeusi. Msiingize rangi ya tatu. Agizeni bati, kofia za mgongo wa paa na skrubu za rangi yake siku moja, kutoka kwenye mzigo mmoja, na ongezeni chache za akiba, kwa sababu mzigo wa mwezi ujao unaweza kupishana kidogo na wa leo ingawa namba ni ileile. Na fundi asikate bati kwa grainda akiwa juu ya paa. Cheche za moto hubabua rangi na unga wa chuma unabaki pale; baada ya mvua mbili tatu utaona vidoa vya kutu paa zima, na kiwanda kitakataa kuwalipa. Akatie chini, kwa mkasi wa bati.